Namba Isiyo na Jina

Mama alikuja Sumbawanga masika yale akiwa amejifunga kitambaa shingoni, na mimi nikadhani ni baridi tu. Alishuka kwenye Fuso lililotoka Msanzi na maharage, nikampa shikamoo, akaniuliza habari za kazi, akaniuliza kama bado nasali jumuiya ileile, wala hakukigusa kile kitambaa hata mara moja. Tulipofika chumbani kwangu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali, alikaa kitandani, akakifungua taratibu na kukikunja juu ya paja. Chini ya sikio la kushoto palikuwa na uvimbe, na chini yake mwingine mdogo.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kupalilia."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Hauumi."

Neno hilo ndilo lililonitisha. Sikuwa muuguzi, lakini nilikuwa nimekaa hospitalini muda wa kutosha kujua kwamba madaktari hawafurahi wakiambiwa uvimbe hauumi.

Mimi nilikuwa mtu wa kompyuta. Ndivyo walivyoniita wote, kuanzia getini hadi jikoni. Ilikuwa miaka ya soko huria, kampuni za watu binafsi zinauza kila kitu ambacho zamani kiliuzwa na serikali au hakikuuzwa kabisa, na mojawapo ilikuwa imekuja hadi huku kwetu uwandani, ikasimika dishi la setilaiti nyuma ya stoo ya hospitali na kutuachia boksi lenye taa nne. Nilikuwa nimesomea mambo hayo Mbeya, kwa hiyo dishi, boksi, seva ya barua pepe na kompyuta zote za ofisini vikawa vyangu. Kikiharibika chochote, naitwa mimi. Umeme wenyewe ulitoka ng'ambo, Zambia, na ulipokatika niliitwa pia, kana kwamba ningeweza kuwapigia Wazambia.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka mama kwa daktari mkuu, mtu mzima mwenye sauti ya chini, anayekupapasa huku akitazama dirishani. Alipapasa shingo, kwapa, tumbo. Akamuuliza mama kama anatokwa jasho usiku, kama amepungua, kama nguo zimemlegea. Mama alijibu kila swali kwa ufupi na kunitazama mimi, kama vile mimi ndiye niliyeyatunga. Mwishowe daktari akasema atakata kipande kidogo, kipelekwe hospitali kubwa ya Dar es Salaam wakakitazame kwa darubini, kwa sababu hapa kwetu hakuna wa kukisoma.

Kipande kilikatwa, kikatiwa kwenye chupa ndogo yenye dawa, kikafungwa pamoja na karatasi ya maelezo na kukabidhiwa basi. Daktari aliniambia majibu yatakuja kwa barua pepe, upesi kuliko posta. Alisema hivyo ili kunituliza, lakini sikutulia. Maana yake ni kwamba majibu ya mama yangu yangepita kwenye mashine yangu.

Siku zikapita. Mama alikataa kukaa bure, akawa anafagia uwanja wa nyumba zote tatu za jirani na kuulizia habari za nyumbani kwa kila gari lililotoka Kalambo, upande wa kwetu. Ulezi ulikuwa umeanza kutoa vichwa. Jirani yetu wa huko, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, alikuwa ameahidi kuwazuia wasiingie shambani, na mama alimwamini mchana tu. Usiku hakumwamini yeye wala ng'ombe wake.

Kisha barua ikaja, si majibu. Maabara ya Dar iliandika kwamba chupa ilivuja njiani, dawa ikalowanisha karatasi na wino wote ukatoka. Walijua kipande kimetoka hospitali yetu, basi. Waliomba wapelekewe upya, kwa maandishi, jina na umri wa mgonjwa, mahali kipande kilipotolewa, uvimbe una muda gani na dalili nyingine. Bila hayo hawatatoa majibu.

Daktari aliketi palepale akajibu, akichapa kwa vidole viwili. Nilisimama nyuma yake. Alibonyeza kutuma, akanyanyuka kwenda wodini. Sikuwa nimefika mlangoni barua iliporudi.

Barua inaporudi huja na maneno ya mashine, mistari mingi isiyo na maana kwa mtu wa kawaida, na katikati yake mstari mmoja wenye sababu. Sababu ilikuwa hii: seva yao imetukataa kwa kuwa namba tuliyotumia kupiga hodi haina jina.

Nilisoma mstari ule mara nyingi. Mwanzoni nikafikiri ni virusi, kwamba kompyuta mojawapo ya wahasibu imeambukizwa na inatuma takataka duniani kwa jina letu, na sasa tumefungiwa. Nikazunguka ofisi zote nikipekua mashine moja moja, watu wakiniuliza kuna nini nami nikijibu hakuna kitu. Sikukuta chochote. Nikajaribu kutuma barua kwa rafiki yangu Mbeya, ikafika. Nikatuma kwa wafadhili ng'ambo, ikafika. Nikairudia ya maabara. Ikarudi.

Kwa hiyo dunia nzima ilikuwa inatupokea isipokuwa mlango mmoja, na mlango huo ndio niliouhitaji.

Daktari alipiga simu. Mapokezi walimuunganisha maabara, simu ikalia hadi ikakatika. Alipiga tena, akampata mtu aliyesema lazima iwe kwa maandishi. Tulituma faksi, ikaenda, hatukujua imedondokea mikononi mwa nani. Ile kafe ya intaneti ya mjini ilikuwa imepigwa na radi wiki hizo na mlango wake umefungwa kwa kufuli, na daktari hakutaka siri ya mgonjwa ipitie kwa rafiki yangu wa Mbeya. Daktari akasema tuandike barua nyingine iende kwa basi, na ikaenda, ila sote wawili tulijua basi la Dar wakati wa masika ni jambo la kuombea.

"Wewe endelea na mitambo yako," akaniambia. Hakusema kwa ubaya.

Nikaendelea. Tuseme hivi kwa asiyejua: kila mashine kwenye mtandao ina namba, lakini sisi binadamu tunatumia majina. Kuna orodha inayogeuza jina kuwa namba. Hiyo ilikuwa yetu, niliitunza mwenyewe, na nilipoiuliza jina la hospitali ilinipa namba sahihi. Lakini kuna orodha nyingine, ya upande wa pili, inayogeuza namba kuwa jina. Seva makini ikipigiwa hodi huitazama namba ya mgeni na kuuliza: huyu anaitwa nani? Nilipoiuliza namba yetu, jibu likaja kwamba haipo. Niliuliza tena kwa kuchapa polepole, nikihesabu tarakimu kwa kidole. Haipo.

Ndipo nikakumbuka kwamba mwezi uliotangulia kampuni ya setilaiti ilitubadilishia namba. Nilikuwa nimerekebisha kila kilichonihusu, na barua zikaendelea kwenda, hivyo hakuna aliyeona tofauti. Labda hospitali ile kubwa ilikuwa imeanza kukagua wageni wake kwa ukali siku hizohizo, kwa sababu ya barua za takataka. Sikujua. Nilijua tu kwamba kipande cha mama yangu kiko mezani kwa mtu anayesubiri umri wake.

Mchana nilikwenda nyumbani kula. Mama alikuwa amepika ugali wa ulezi na migebuka, na aliniona nilivyokuwa nakata tonge bila kulipeleka mdomoni.

"Wamejibu?"

"Bado. Barua ya daktari inakataliwa."

"Kwa nini?"

Nikatafuta maneno. "Mashine ya huko haijui yetu inaitwa nani."

Alifikiri kidogo. "Si uwaambie?"

"Ndiyo ninachotafuta, mama. Jinsi ya kuwaambia."

Akanisogezea samaki. Sikuweza kumwambia jambo lingine, kwamba maneno ya daktari kuhusu jasho na kupungua yalikuwa yanazunguka kichwani mwangu tangu siku ile, na kwamba usiku, nikiwa nimelala sakafuni, nilisikiliza pumzi zake kitandani kama mtu anayesikiliza injini.

Niliporudi kazini nikapata wazo lililonipa furaha ya bure. Niliitengeneza ile orodha ya upande wa pili mwenyewe, ndani ya seva yetu, nikaandika namba na jina letu mbele yake. Nikaiuliza seva: namba hii ni nani? Ikanijibu jina la hospitali, safi kabisa. Nilimwita daktari. Akaja na koti lake la wodini, akatuma. Tukasimama pamoja tukitazama kioo.

Ikarudi.

"Si ulisema imepona?" aliuliza.

"Mashine yetu inajua jina lake, daktari. Ila walio nje hawaiulizi yenyewe."

Nilikuwa nimeelewa wakati nikisema. Jina ni letu, lakini namba si yetu. Namba ni ya kampuni, imetuazima. Anayetaka kujua namba ni ya nani huenda kuuliza kwa mwenye namba, na mwenye namba yuko Dar. Nilichokifanya ni kuandika jina letu kwenye ukuta wa ndani wa nyumba yetu na kushangaa wapita njia hawalisomi.

Kupiga simu kwa kampuni ilikuwa kazi ya asubuhi nzima ya siku iliyofuata. Nilipata kwanza binti wa mauzo, akanieleza kuhusu vifurushi vipya. Kisha simu ikakatika. Kisha nikaambiwa mafundi wako kwenye mkutano. Hatimaye nikampata fundi mmoja, kijana kwa sauti, mwenye haraka.

"Dada, huku kwetu iko poa. Naona taa zenu zote kijani."

"Taa ni kijani, kaka. Tatizo si laini. Namba mliyotupa haina jina upande wa kurudi."

"Barua zinakwenda?"

"Zinakwenda kwingine. Kuna sehemu moja zinakataliwa."

"Basi tatizo lao hao."

Nilishika simu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo ya kitaalamu, nimeyapanga tangu alfajiri, lakini kilichonitoka ni kingine. "Kaka, ni maabara. Wana kinyama cha mama yangu, wanasubiri maelezo ya daktari ili watujibu ni ugonjwa gani. Naomba uitazame tu."

Nilisikia kibodi ikigonga. Aliporudi sauti yake ilikuwa imepungua mbio.

"Ni kweli. Tulipohamisha namba hatukuhamisha majina. Sio ninyi peke yenu. Nipe jina la seva yenu, herufi moja moja."

Nikampa. Akairudia. Akasema anaweka sasa hivi, nimpe muda kidogo kisha niulize tena. Nilimshukuru kupita kiasi, nikakata simu, nikasubiri, nikauliza. Safari hii jibu lilikuja kutoka nje, kutoka kwa mwenye namba mwenyewe, na moyo ulinipasuka kwa furaha kabla sijamaliza kulisoma. Kisha nikalisoma. Jina letu lilikuwapo, lakini nyuma yake lilikuwa limeburuta mkia mrefu wa tarakimu na maneno, kama vile mtu kaandikiwa jina lake na la mtaa wake na la mwenye nyumba, yote kwa pamoja bila nafasi. Tulijaribu kutuma. Ikarudi, na sababu mpya: jina halilingani.

Nilimpigia tena. Kwa bahati aliipokea mwenyewe.

"Limetoka na mkia," nikamwambia.

"Mkia gani?"

Nikamsomea jibu lote, hadi mwisho. Nilikuwa katikati ya tarakimu aliponikatiza, na akacheka kicheko kifupi cha mtu anayejicheka.

"Nukta. Sijaweka nukta ya mwisho. Bila nukta mashine inadhani jina halijaisha, inajazia yenyewe. Pole, dada. Pole sana."

"Sasa?"

"Naweka. Ila lile kosa limeshasomwa na seva za watu, litakaa kwenye kumbukumbu zao mpaka muda wake uishe. Hapo siwezi kuwaharakisha. Jaribu baada ya saa kadhaa. Ikigoma, jaribu kesho asubuhi."

Mchana ule ulikuwa mrefu. Mvua ilinyesha, dishi likazidiwa na maji, taa moja kwenye boksi ikageuka nyekundu, ikarudi kijani, ikageuka tena. Nilikaa mbele yake kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Kila mvua ilipopungua nilituma barua ya daktari, na kila iliporudi nilijiambia ni ile kumbukumbu, ni ile kumbukumbu tu. Watu walikuja na shida zao, mhasibu printa imekwama, matroni amesahau neno lake la siri, nami niliwahudumia bila kusikia wanachosema.

Kesho yake asubuhi nilituma kabla sijavua sweta. Nikasubiri irudi. Haikurudi. Nikafungua kumbukumbu za seva, ambako kila barua huacha mstari wake, nikaona neno moja la Kiingereza ambalo maana yake ni kwamba wamepokea. Nikakaa chini. Nilifikiri hofu itaniondoka. Badala yake ilikaa vizuri zaidi, kama mgeni aliyeonyeshwa kiti. Siku mbili zile nilikuwa na kitu cha kufanya. Nilikuwa napigana na namba, na mtu anayepigana na namba hawazi mengine. Sasa barua imefika, na jambo pekee lililobaki ni majibu.

Yalikuja baada ya siku chache, saa za kazi. Niliuona mstari wake ukipita kwenye kumbukumbu za seva: mtumaji maabara, mpokeaji daktari, na ukubwa wake. Ukubwa tu, si maneno. Barua ilikuwa kubwa kidogo. Nikajikuta nawaza kama majibu mabaya huwa marefu. Je, mtu akiwa mzima huandikwa mstari mmoja? Je, ugonjwa mkubwa huhitaji kurasa? Nilikuwa na uwezo wa kuifungua. Sanduku la kila mtu pale lilikuwa wazi kwangu, na hakuna ambaye angejua. Nilikaa na mkono kwenye kipanya. Sitajisifu kwamba ni uaminifu ulionizuia. Niliogopa. Nilitaka kuisikia kutoka kinywani mwa mtu, si kwenye kioo.

Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Nilisimama nje ya mlango hadi alipotoka akivua glovu.

"Imekuja," nikasema.

Alikwenda ofisini kwake, mimi nikabaki koridoni. Nilimsikia akivuta kiti. Kisha akaniita kwa cheo changu cha siku zote.

"Mtu wa kompyuta, kamlete mama yako."

Kutoka ofisini hadi nyumbani si mbali, lakini njia ile sikumbuki nilivyoitembea. Mama alikuwa anaanika mboga. Alinitazama usoni, akanawa mikono, akajifunga kile kitambaa shingoni kwa utulivu, kama anayekwenda misani, tukaenda.

Daktari alimpa kiti. Alimuuliza kwanza habari za asubuhi, akangoja ajibu.

"Mama, si kansa. Ni kifua kikuu, kimekaa kwenye tezi za shingo."

Mama akageuka kunitazama, kisha akamrudia. "Kifua? Sikohoi mimi."

"Kinaweza kukaa hata mahali pengine. Wewe kimekukalia shingoni."

"Dawa ipo?"

"Ipo hapahapa. Ni miezi mingi, na haitakiwi kukosa hata siku moja. Mwanzoni utameza mbele ya muuguzi."

"Nyumbani kuna ulezi."

"Ulezi utavunwa na wengine mwaka huu."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu aliyeuziwa kitu ghali. Mimi nilitoka nje nikaegemea ukuta wa stoo, karibu na lile dishi. Nilitaka kulia, machozi hayakuja. Nilichohisi ni hasira, sijui dhidi ya nani, labda chupa ile iliyovuja.

Dawa zilimsumbua. Siku ya pili alitoka chooni akiwa amebadilika sura, akaniita pembeni. "Mwanangu, nakojoa damu." Nilikimbia naye hadi kliniki, pumzi juu, na muuguzi akatueleza bila haraka kwamba ni rangi ya dawa, kwamba alikwisha kutuambia na sote hatukusikia. Mama alicheka hadi akashika mbavu. Mimi sikuweza kucheka naye. Wiki zile zote nilihesabu vidonge vyake asubuhi kabla hajaamka vizuri, na nilimtazama shingo kila alipoinama, nikitafuta kama imepungua au macho yangu yananidanganya.

Ilipungua. Kufikia kipupwe, upepo mkali ulipoanza kuvuma uwandani, uvimbe mkubwa ulikuwa umebaki kama punje ya haragwe, na daktari akamruhusu kumalizia dawa kwenye zahanati ya nyumbani. Ulezi wake ulikuwa umevunwa na ndugu na kuwekwa ghalani. Ng'ombe wa jirani hawakuingia. Mama alitembea shamba zima kuhakikisha.

Baadaye alituma mfuko wa unga wa ulezi kwa gari la Matai, na ujumbe kwamba si wangu. Ni wa yule kijana wa Dar aliyesahau nukta.

"Ana mke?" aliniuliza aliponipigia kwa simu ya padri wa kule nyumbani.

"Sijui, mama. Sijawahi kumwona."

"Basi mpelekee hivyohivyo."

Nilimpigia fundi, nikamwambia aende ofisi za basi akachukue mzigo wake. Alidhani ni kifaa kibovu nimemrudishia. Alinipigia Jumapili akiwa jikoni, akasema uji umekuwa mweusi, je, umeharibika? Nikamwambia ndivyo ulivyo, aendelee kukoroga.